Kundi la Mji na Presha ya Mwalimu Lozan

Kwa miaka ishirini na saba Lozan Petkov aliwafundisha watu wa mji mdogo wa Kalnovets kuendesha gari, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mwanafunzi aking'ang'ana na gia mpaka chuma kikalia, Lozan alisema tu kwamba gia nayo ina moyo, ibembelezwe. Gari likipanda ukingo wa njia, alitazama nje ya dirisha kana kwamba ndivyo walivyopanga tangu asubuhi. Nusu ya mji ilikuwa na leseni kwa mkono wake.

Kwa hiyo Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, alipomfokea Genoveva kwa sababu tu alichelewa kuwasha taa ya kukata kulia, wote wawili walishtuka. Genoveva alisogeza gari pembeni, akazima injini, akavuta breki ya mkono. Alifanya yote hayo kwa ustadi ambao kwa kawaida hakuwa nao.

Genoveva alikuwa muuguzi wa kliniki ya mji, mwanamke wa miaka hamsini na minne, mnene, mcheshi, asiyeogopa damu wala wakubwa wa kazi. Kliniki ilikuwa imepata gari dogo la kuwatembelea wazee wa vijiji vya juu ya mto, lakini haikupata dereva, ndipo mkuu wake alipomwambia ajifunze. Alikwisha kufeli mtihani mara mbili, na mara zote mbili alifelia kwenye raundabauti ya karibu na ghala la ngano. Alikuwa akisimama pale akiwapisha watu wote wapite, kama anayengoja foleni ya wagonjwa iishe ndipo afunge mlango.

"Mwalimu," alisema sasa, akifungua mkoba wake, "nipe mkono."

"Mkono wa nini?"

"Wa kushoto. Wa kulia umeshika simu."

Ilikuwa kweli. Simu ilikuwa mapajani pa Lozan, inawaka, na kidole gumba chake kilikuwa juu ya kioo. Hakujua aliitoa mfukoni saa ngapi. Genoveva alimfunga kitambaa cha kipimo juu ya kiwiko, akabonyeza kipira, akasikiliza huku magari yakipita. Kisha akapima tena, kwa sababu hakuiamini namba ya kwanza. Ilikuwa mia moja sabini na nane kwa mia moja na nne.

Alimwambia polepole kwamba angeikuta namba ile kwa mzee wa miaka themanini, angempigia simu mwanawe. Halafu akamuuliza ni nini kinachomla. Lozan akasema hakuna. Simu ikatetemeka. Akaitazama.

"Basi ndiyo hiyo," Genoveva akasema.

Ilikuwa ndiyo hiyo kweli. Miaka sita nyuma, theluji ilipoifunga barabara ya kwenda mji mkuu wa mkoa, Lozan alifungua kundi kwenye mtandao ili watu waambizane wapi pamezolewa na wapi bado. Theluji ikayeyuka, kundi likabaki. Watu wakatangaza mbwa waliopotea, viazi vya mbegu, saa za kukatika kwa maji. Watoto wa mji walioko Ujerumani na Hispania wakajiunga ili wasikie habari za nyumbani. Mwisho wakawa elfu nne na mia tatu, na msimamizi wao alikuwa Lozan peke yake, bila mshahara, bila hata kuombwa.

Mambo yaliharibika mwezi wa Februari, halmashauri ilipotangaza kuikata miti ya lipa, ile ya kivuli yenye maua ya kunukia, iliyopandwa kando ya barabara kuu, ili magari yapate pa kuegesha. Kundi likagawanyika katikati kama mkate. Lozan akafuta matusi ya upande mmoja, wakasema amenunuliwa na meya. Akafuta ya upande wa pili, wakasema ana kinyongo na meya tangu shuleni. Halafu mtu aliyejificha nyuma ya jina la mto, Danubi Halisi, akaweka picha ya gari la mafunzo la Lozan likiwa limezimika katikati ya kivuko cha waenda kwa miguu, na chini yake akaandika maneno machache tu: *Huyu ndiye anayetufundishia watoto.*

Maoni mia tatu na arobaini. Lozan aliyasoma yote. Aliyasoma akipiga mswaki, aliyasoma kwenye foleni ya mkate, aliyasoma akila kwa mkono mmoja huku supu ikipoa. Wengi walikuwa wamemtetea, lakini hao hakuwakumbuka. Aliowakumbuka ni wale arobaini au hamsini waliomcheka, na kila mmoja alimjua kwa jina, na wengine aliwafundisha yeye. Akiwa garini na mwanafunzi, kichwani alikuwa akiwajibu. Alitunga sentensi nzurinzuri, akazipanga, akazibadilisha. Taya zikawa zinauma kwa kukazwa. Kifuani palikuwa na kitu kama mkono uliofumba ngumi, na ngumi ile ilifumbuka kidogo tu alipofungua simu kuona kama kuna jipya, halafu ikafumba tena kwa sababu lilikuwapo.

Genoveva alimpeleka kwa daktari wa kliniki. Daktari Kehayov, mtu wa maneno machache, alimpa vidonge na kumuuliza huishika simu mara ngapi kwa siku. Lozan akasema labda ishirini. Daktari akamwomba simu, akatafuta mahali inapohesabu yenyewe, akamwonyesha: mia mbili na kumi na moja. Akamwambia aiache kabisa kwa wiki tatu. Vidonge vitaishusha presha, alisema, lakini havitamzuia mtu kuipandisha kwa makusudi.

Lozan alijaribu mwenyewe kwanza. Akaifungia simu kwenye droo ya kabati la sebuleni, na kabla saa mbili hazijapita alikuwa amekwenda mara tatu kuangalia kama droo inafunga vizuri. Ndipo akamkabidhi mkewe.

Yanka alikuwa fundi wa mapazia. Alishonea nyumbani, redio ikiwa wazi, na mitandao hakuitaka kamwe. Alisema kelele za cherehani zinamtosha. Alikuwa mpole kiasi kwamba wateja walipokosea vipimo yeye ndiye aliyeomba radhi. Aliichukua simu ya mumewe kwa ncha za vidole kama samaki aliyeanza kunuka, akampa kitochi cha zamani cha kupokelea simu za wanafunzi, na akaahidi kwamba atafuta matusi na matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, basi, hatagusa kingine.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Paja la Lozan lilitetemeka mahali pa simu ingawa mfuko ulikuwa mtupu. Alihisi mji mzima unamsema na yeye hawezi hata kufumbua mdomo. Siku ya nne alikaa jikoni, akamwambia Yanka kwamba anaogopa, na hajui anaogopa nini. Hakuwahi kumwambia mtu maneno kama hayo. Yanka aliacha unga aliokuwa akiukanda, akaketi karibu naye na mikono yake ikiwa myeupe vile vile, wakakaa hivyo mpaka birika likachemka.

Siku ya nane alilala mpaka saa moja asubuhi. Siku ya tisa aliona kwamba korongo wamerudi kwenye kiota chao juu ya nguzo ya umeme, akamsimamisha Genoveva wakawatazama, jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba ya masomo. Genoveva alimpima kila mwisho wa somo, kisha akaiandika namba kwenye kijitabu chake. Walikuwa wamekubaliana kwamba kila mmoja atamfundisha mwenzake. Yeye atajifunza kuingia raundabauti, na mwalimu atajifunza kuketi kimya. Mara nyingine ilikuwa vigumu kujua ni nani anayechelewa zaidi.

Wiki ya pili ndipo watu walipoanza kumchekea njiani.

Halikuwa cheko baya. Muuza mkate alimwongezea kipande cha banitsa, andazi la jibini, bila kumdai. Mwanamke wa duka la dawa alimshika mkono akamwambia kwamba jibu lile la jana limemchekesha mpaka akamwaga matone ya macho. Krum, fundi wa mabomba, mtu mrefu aliyekuwa ameandika kwamba Lozan anyang'anywe leseni, alivuka barabara, akasimama mbele yake, akakuna kidevu.

"Mwaka elfu mbili na tatu," akasema. "Nilisahau."

Akaondoka zake. Lozan alitabasamu kwa adabu bila kuelewa lolote, kisha akaenda nyumbani moja kwa moja.

Alimkuta Yanka mbele ya cherehani. Pazia la bibi mmoja wa mtaa wa juu lilikuwa limeshonwa maua kichwa chini. Harufu ya maharage yaliyoungua ilikuwa imejaa nyumba. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kikasha cha nyuzi.

"Yanka," akasema, "nimewajibu nini?"

Yanka akawa mwekundu mpaka masikioni. Akakiri. Alisema aliahidi kufuta tu, na siku mbili za kwanza alifuta tu. Lakini siku ya tatu Krum aliandika kwamba Lozan hawezi kumfundisha hata mbuzi kutembea, na vidole vyake yeye Yanka vikaandika vyenyewe, kwa jina la mumewe: *Mbuzi nimewafundisha wengi, na wengine wana leseni. Wewe ulipata yako mwaka gani?* Watu mia sita wakapenda. Halafu Spas wa duka la vipuri akadai msimamizi ajiuzulu, naye akamjibu kwamba amekwisha kujiuzulu, na kuanzia kesho Spas ndiye atakayeamka saa kumi na moja alfajiri kufuta matangazo ya dawa za tumbo, karibu sana. Spas alinyamaza siku mbili nzima.

Lozan alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari. Lakini Yanka hakucheka naye. Aliweka mkono kifuani, akasema kwamba moyo unamwenda mbio hata akikaa, kwamba ameunguza maharage mara mbili wiki hii, na kwamba asubuhi kabla ya kuvaa viatu anataka kujua wamesema nini. Alisema anajibu vizuri, watu wanampenda, na bado anajisikia kama mtu anayekimbizwa. Sasa alikuwa ameelewa mumewe amekuwa akiishi vipi, na aliona haya kwamba alikuwa akimwambia ni upuuzi tu, azime.

"Kuna jingine," akasema.

"Sema."

"Nimewaalika kahawa. Jumamosi saa nne, duka la keki la uwanjani. Nimewaambia mwenye neno aje aliseme mbele yako."

"Umemwalika nani?"

"Wote."

"Wote wangapi?"

"Elfu nne na mia tatu," Yanka akasema. Kisha, kumtuliza, akaongeza: "Lakini wengi wako Ujerumani."

Walikuja kumi na mmoja. Lozan alifika mapema akiwa na shati lililopigwa pasi na sentensi zake zote alizozitunga tangu Februari, na Yanka pembeni yake, amemshika mkono kwa nguvu. Mwenye duka aliunganisha meza nne. Watu wakaketi, wakaagiza kahawa. Watu walewale ambao kwa maandishi hawakumalizana mpaka saa saba za usiku, sasa walikuwa wakikoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka. Spas peke yake ndiye aliyejaribu. Alisema halmashauri ni wezi, akangoja. Mtu akamwomba ampitishie maziwa.

Ndipo Genoveva alipoingia. Naye alikuwa mwanachama wa kundi kama kila mtu, akasema mwaliko haukuwabagua wauguzi. Aliagiza keki mbili, akaketi, na katikati ya vikombe akaweka kipimo chake cha presha.

"Maadamu tumekaa bure," akasema, "nani anaanza?"

Mahali popote mtu anapopima presha bila malipo, Kalnovets au kwingine, aibu huisha. Krum alikunja mkono wa shati kabla hajaulizwa mara ya pili: mia moja sitini na tano. Mwenzake aliyekuwa akimtukana kwa ajili ya miti tangu majira ya baridi akapata mia moja sabini, akaonekana kufurahi kwamba amemshinda. Wakaanza kulinganisha vidonge. Mmoja alisema tangu mabishano yale yaanze anaamka amekaza meno. Mwingine akasema yeye pia, akadhani ni jino. Mwanamke wa duka la dawa, ambaye hakuwahi kuandika hata neno moja kundini bali kusoma tu, alikuwa na mia moja na hamsini na tano, na Genoveva akamwambia kwamba hata moshi wa sigara ya mwenzio huingia mapafuni. Spas alikataa kupimwa. Alisema huo ni ujanja wa meya, akasimama, akatoka.

Wa mwisho alikuwa Bi Evdokia, bibi mwembamba wa miaka sabini na sita, aliyefundisha muziki shule ya mji mpaka alipostaafu. Alikuwa amekuja na mkongojo, akaketi pembeni. Genoveva alimpima, akakunja uso, akampima mkono wa pili.

"Mia moja ishirini kwa themanini," akatangaza. "Mama, hii ni presha ya msichana."

"Mimi nikishaandika, nalala vizuri," Bi Evdokia akajibu.

"Unaandika nini, mama?"

Bi Evdokia akamtazama Lozan usoni, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi, akasema kwamba yeye ndiye Danubi Halisi.

Lozan alizitafuta sentensi zake. Alikuwa amezinoa kwa miezi miwili, kwa ajili ya mtu huyu hasa, na akilini mwake mtu huyu alikuwa kijana mwenye mabega mapana na kicheko cha dharau. Mbele yake palikuwa na bibi aliyefunga skafu vizuri na kuweka mguu mmoja mbele, umenyooka, haukunjiki.

"Goti?" akauliza.

Ndiyo, goti. Lilipasuliwa mwezi wa Desemba. Tangu hapo alikuwa akikaa dirishani, na dirisha lake linatazama kivuko kile. Alieleza yote bila kujitetea sana. Tangu Januari hakuna mtu aliyebisha hodi kwake isipokuwa mleta mkate. Siku moja akapiga picha ya mbwa akivuka barabara, watu tisa wakamwandikia. Akapiga ya gari la mafunzo, wakamwandikia mia tatu na arobaini.

"Nilikuwa naona kama televisheni," akasema. "Sikufikiri kwamba ndani ya gari umo wewe. Nilikufundisha kuimba, Lozan. Ulikuwa huwezi."

"Hata sasa siwezi, mwalimu."

"Nisamehe, mwanangu."

Lozan alisema amemsamehe, na alipojisikiliza akagundua kwamba hakusema uongo. Ngumi ya kifuani haikuondoka mara moja kama inavyovuliwa kofia, lakini alihisi vidole vyake vinafunguka kimoja kimoja. Yanka akamkatia Bi Evdokia kipande cha keki yake, na kwa vile alikuwa Yanka, akamwomba radhi kwa kuwa kilikuwa kidogo.

Uamuzi uliofuata ulikuwa wa Genoveva. Alisema kazi ya kusimamia kundi haina budi kupewa mtu ambaye presha yake haipandi kwa neno la mtu, na kwamba kipimo kimekwisha kumchagua. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka wakafikiri. Bi Evdokia alisema anakubali kwa masharti yake mwenyewe: hakuna neno litakaloonekana kundini kabla yeye hajalisoma, naye atasoma mara moja tu kwa siku, saa kumi jioni, baada ya kulala mchana. Na wakimtaka afanye hivyo, kila siku mmoja wao apite nyumbani anywe chai naye, kwa sababu goti halijapona.

Jioni ile ile Spas alituma ujumbe mrefu juu ya njama za duka la keki. Bi Evdokia alimrudishia akiwa amepigia mstari makosa matatu ya tahajia, akamwomba asahihishe kisha alete upya. Wiki nzima watu walinung'unika kwamba kundi limekuwa darasa. Lakini wakaanza kuandika wakiwa wamekwisha kutulia, na mengi waliyotaka kuandika saa tatu asubuhi yalikuwa yamewatoka kichwani ilipofika saa kumi jioni. Miti ya lipa ilikatwa miwili, mingine ikaachwa mpaka baraza likutane tena, na mabishano yakaendelea kwenye duka la keki, ambako mtu akipaza sauti mwenye duka humpunguzia redio ili asikike vizuri, naye huona haya akaishusha sauti yake.

Lozan hakupona kwa siku moja. Mkono bado uliruka kuelekea mfukoni, hasa akiwa na huzuni au akingoja kitu. Simu alirudishiwa, ila kundi alilitazama Jumapili tu, pamoja na Yanka, wakiwa na kahawa, kama watu wanaosoma gazeti la mji mwingine. Vidonge daktari alivipunguza nusu mwezi wa Juni. Mwezi huo huo Genoveva alifanya mtihani mara ya tatu. Kwenye raundabauti alingoja malori mawili na trekta, akavuta pumzi, akaingia, na kwa furaha ya kuwa ndani akazunguka mara mbili ndipo akatoka. Mtahini aliandika kwamba dereva ni mwangalifu. Sasa wazee wa vijiji vya juu humsikia akija kutoka mbali, kwa sababu hatoki kwenye gia ya pili.

Na Jumatatu iliyofuata Lozan alipata mwanafunzi mpya, Padre Metodi wa kanisa la mji, mtu wa ndevu mpaka kifuani, aliyekuja na joho lake lote. Alikaa kwenye usukani, akajiombea, akafunga mlango, na joho likanaswa. Wakafungua, wakalivuta ndani, wakafunga tena. Padre aliuliza ni ipi klachi na ni ipi breki, na kama kuna tofauti kubwa sana. Lozan alimwambia ipo, lakini hawana haraka, siku bado ndefu.